Kura, maafikiano au ridhaa: kikundi chenu kiamue kwa njia ipi?

Kikundi kinapoandika katiba yake, ukurasa wa malengo hubishaniwa siku nzima, halafu kifungu cha namna ya kuamua hupita kwa dakika tano: "Maamuzi yatafanywa kwa wingi wa kura." Watu wanaitikia, katibu anaandika, kikao kinasonga mbele. Miaka miwili baadaye kikundi kikivunjika, malengo yake huwa hayajabadilika hata neno moja. Kilichokivunja mara nyingi ni kile kifungu cha dakika tano.

Nimekaa kwenye kiti cha ukatibu katika vikundi vya kujitolea kwa muda wa kutosha kuona jambo hilo likijirudia. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia tano ambazo kikundi kinaweza kuzitumia, na kipimo changu kwa zote ni swali moja: yule ambaye hoja yake imeshindwa leo, kesho atafanya nini? Serikali ina polisi, kampuni ina mishahara. Kikundi cha kujitolea hakina kimoja wala kingine. Mwanachama aliyeshindwa anaweza kubaki nyumbani tu, na hakuna wa kwenda kumburuta. Njia ya kuamua inayosahau hilo huzaa maazimio mengi na watekelezaji wachache.

Kura ya wingi

Sifa yake kubwa ni uwazi. Mikono inahesabiwa, idadi inaandikwa, na hata asiyependa matokeo anajua yalivyopatikana. Ina sifa nyingine ambayo tumeizoea hadi hatuioni: usawa. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao mafundi na wafumaji, walianzisha duka la ushirika, na baadaye kidogo vyama vya namna yao vikaufanya usemi wa "mwanachama mmoja, kura moja" kuwa msingi: mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja wana sauti sawa. Ushirika duniani kote unaishika kanuni hiyo mpaka leo. Kikundi ambacho baadhi ya wanachama wana fedha au elimu kuliko wengine kisiitupe kwa urahisi.

Ila "wingi wa kura" ni maneno matatu yanayoficha maswali mengi. Wingi wa nani? Chukua kikundi cha wanachama 60, chenye akidi ya theluthi moja. Wamefika 20, akidi imetimia. Hoja inapigiwa kura: sita wanakubali, watano wanakataa, tisa hawapigi upande wowote. Kama katiba inasema "wingi wa kura zilizopigwa", watu sita wamewafunga watu 60. Hakuna aliyevunja kanuni, na hata hivyo wengine 54 watalisikia azimio hilo kama habari ya mbali. Kwa hiyo kabla ya kuandika kifungu, amueni kama mnahesabu waliopiga kura, waliohudhuria, au wanachama wote. Na kwa mambo mazito, kama kubadili katiba au kumfukuza mwanachama, pandisheni kiwango hadi theluthi mbili.

Theluthi mbili ina mantiki yake. Mwaka 1863 mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa aongoze mkutano wa kanisani huko New Bedford, akajikuta hajui pa kuanzia. Fadhaa ile ilimfanya achunguze taratibu za mikutano kwa miaka, na mwaka 1876 akachapisha kanuni ambazo vyama vingi bado vinazifuata. Katika kanuni hizo, wengi wanatosha kupitisha hoja ya kawaida, lakini kuzima mjadala kunahitaji theluthi mbili. Maana yake ni kwamba wengi wana haki ya kuamua, na wachache wana haki ya kusikilizwa kwanza. Haki hiyo ya pili isiondolewe na nusu na mmoja.

Tatizo jingine hujitokeza machaguo yanapozidi mawili, na hapa vikundi vingi huumia bila kujua kilichowaumiza. Tuseme kuna kiwanja kimoja na watu 30. Kumi na wawili wanataka uwanja wa michezo, kumi wanataka maktaba, wanane wanataka bustani. Uwanja umeshinda. Lakini ikiwa wale 18 wote wangeuweka uwanja mwisho, basi ukishindanishwa na maktaba peke yake ungeanguka 18 kwa 12, na ukishindanishwa na bustani ungeanguka vilevile. Mshindi ni chaguo ambalo watu watatu kati ya kila watano walilitaka kidogo kuliko yote. Mfaransa Condorcet aliyaeleza mambo haya mwaka 1785, akaonyesha na balaa kubwa zaidi: inawezekana A aishinde B, B aishinde C, kisha C aishinde A, kila mara kwa wingi halali.

Dawa ni kuwaacha watu wapange machaguo kwa mfuatano, la kwanza, la pili, la tatu, kisha kulinganisha mawili mawili. Mradi wa programu huria wa Debian, unaoendeshwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani tangu 1993, unapiga kura zake hivyo. Kwa miaka mingi karatasi zao ziliweka pia chaguo la "tuendelee kujadili", likishindana na mengine. Nalipenda sana chaguo hilo. Linampa mwanachama namna ya kusema kwamba hakuna pendekezo lililoiva, bila kumlazimisha aonekane mpinzani.

Basi aliyeshindwa kwa kura anafanya nini kesho? Kama jana alishinda na kesho anaweza kushinda tena, anatii bila kinyongo. Hatari inakuja pale mgawanyiko unapofuata mpaka usiobadilika: wazee na vijana, wapangaji na wenye nyumba, wa upande huu wa barabara na wa upande ule. Hapo wachache wanakuwa wachache wa kudumu. Watashindwa kila kikao kwa haki kabisa, mpaka waondoke.

Maafikiano

Hapa hakuna kura. Mnajadili mpaka mfike mahali ambapo wote mnaweza kusimama. Watu huidhania kuwa njia ya upole, na huipenda kwa sababu hiyo. Kwa kweli ni njia ngumu inayodai nidhamu kuliko zote.

Jumuiya ya Marafiki, Wakristo wanaoitwa Makweka, wameitumia tangu karne ya 17. Katika vikao vyao vya shughuli hawapigi kura. Karani anasikiliza, na anapohisi kwamba kikao kimeelekea mahali fulani, anaandika azimio palepale, analisoma kwa sauti, linasahihishwa, linasomwa tena, mpaka kikao kikubali kwamba ndivyo kilivyoamua. Hata kama kikundi chenu hakitachukua kitu kingine kutoka kwenye makala hii, chukueni hicho. Ugomvi mwingi niliowahi kuuona ulizaliwa kati ya kilichosemwa kikaoni na kilichoonekana kwenye kumbukumbu mwezi mmoja baadaye, katika ajenda ya yatokanayo. Azimio lililoandikwa na kusomwa mbele ya wote halina nafasi ya mtu kusema "mimi sikuelewa hivyo".

Ubaya wa maafikiano unaonekana wazi katika historia ya Poland. Bunge la nchi hiyo lilifika mahali ambapo mjumbe mmoja tu akisema "siruhusu" kikao kizima kinavunjika, pamoja na yote kilichokwisha kupitisha. Mwaka 1652 mjumbe mmoja aliitumia nguvu hiyo, bunge likavunjika, na kuanzia hapo mlango ukawa wazi. Chini ya Mfalme August III, aliyetawala kuanzia 1733 hadi 1763, karibu kila bunge lilitawanyika mikono mitupu. Falme jirani zilitambua kwamba kuizuia Poland isijirekebishe hakukuhitaji jeshi. Kulihitaji mjumbe mmoja wa kununuliwa. Nguvu hiyo ilifutwa na katiba ya tarehe 3 Mei 1791, lakini nchi ilikuwa imekwisha kumegwa mara moja mwaka 1772, na kufikia 1795 ilikuwa imefutika kwenye ramani. Kikundi kinachompa kila mwanachama kura ya turufu isiyo na masharti kinamkabidhi nguvu hiyo hata yule anayetaka kikundi kishindwe.

Kwa hiyo wanaotumia maafikiano vizuri hutofautisha ngazi za kutokubali. Kuna anayekubali. Kuna anayekubali akiwa na wasiwasi, na wasiwasi wake unaandikwa. Kuna anayekaa pembeni: hataki kushiriki, lakini hawazuii wenzake. Na kuna anayezuia, ambaye lazima aonyeshe kwamba pendekezo linavunja lengo la kikundi lenyewe, kutolipenda hakutoshi. Ngazi hizo zikiandikwa kwenye katiba, kuzuia kunakuwa jambo la nadra na zito, kama inavyopasa.

Kuna sura nyingine ya maafikiano ninayoiona ya werevu kuliko zote, nayo ni ya wahandisi wanaotunga kanuni za kiufundi za intaneti, wa jumuiya iitwayo IETF. Wao wanatafuta maafikiano ya jumla, yasiyodai kila mtu aridhike. Kinachotakiwa ni kwamba kila pingamizi limesikilizwa, limepimwa na kujibiwa. Katika maelezo waliyoyachapisha mwaka 2014 wanasema kwamba watu 100 wakikubali na watano wakikataa, huenda bado hakuna maafikiano, ikiwa hoja ya wale watano haijajibiwa. Na watano wakikubali huku 100 wakikataa, huenda maafikiano yapo, ikiwa wale 100 wanarudia hoja ambayo imekwisha kujibiwa. Kwa miaka mingi, ili wasiangukie kuhesabu vichwa, mwenyekiti aliwataka wavume midomo ikiwa imefungwa, kwanza wanaokubali, kisha wanaopinga. Mvumo hauhesabiki. Ulimpa mwenyekiti hisia ya chumba, halafu aliuliza: mliovuma kwa kupinga, sababu yenu ni ipi?

Nani anashindwa katika maafikiano? Kwa maandishi, hakuna. Kwa hali halisi, anashindwa asiye na muda. Kikao cha saa nne kinapendelea mwenye uwezo wa kukaa saa nne. Mama mwenye mtoto anayelia, kijana mwenye zamu ya usiku, mzee mwenye mgongo unaouma, wote huondoka kabla ya maafikiano kufikiwa, na kumbukumbu husema wote waliafiki. Mkichagua njia hii, wekeni saa ya kumaliza kikao, na hoja isiyoiva ihamie kikao kijacho badala ya kuamuliwa na waliobaki.

Ridhaa

Hii haijulikani sana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kazi za kila siku. Inafanana na maafikiano kwa mbali tu. Mizizi yake iko Uholanzi, katika shule ambayo mwalimu Kees Boeke aliianzisha Bilthoven mwaka 1926, ambako watoto na walimu waliamua mambo pamoja. Mwanafunzi wake mmoja, Gerard Endenburg, alipokuwa mhandisi na kuongoza kampuni ya umeme ya familia yake, aliyapeleka mafunzo yale kwenye kampuni kuanzia miaka ya 1970 na kuyajengea utaratibu kamili.

Tofauti iko kwenye swali. Kura inauliza "unataka?" Maafikiano yanauliza "sote tunakubali?" Ridhaa inauliza "kuna madhara gani tusiyoweza kuyabeba tukijaribu hili?" Mtu anaweza kutolipenda pendekezo na bado akaridhia, kwa sababu haoni kwamba litaumiza kikundi. Kila mmoja anaongea kwa zamu, bila kukatizwa, hata yule ambaye siku zote hukaa kimya nyuma. Na uamuzi unapewa tarehe ya kurudiwa.

Tuchukue mfano. Kikundi kina chumba cha kusomea na pendekezo ni kukifungua kila jioni. Katika duru ya pingamizi mmoja anasema: "Ufunguo unao mtu mmoja tu. Siku akiugua, watoto watasimama nje gizani." Hilo ni pingamizi lenye madhara ndani yake, na kikundi hakilipigii kura. Kinalitumia kutengeneza pendekezo upya: watunza ufunguo wawe watatu, wapeane zamu, turudi kulitazama baada ya miezi mitatu. Mwingine anasema: "Mimi ningependa asubuhi." Anaulizwa kama jioni itadhuru kitu. Anasema hapana. Linaandikwa kama pendekezo la baadaye, na kazi inaendelea.

Angalia kilichompata aliyepinga: pingamizi lake limekuwa sehemu ya uamuzi. Kesho yake atakuwa miongoni mwa watunza ufunguo. Ndiyo sababu, kwa kipimo nilichoweka mwanzoni, ridhaa inazishinda nyingine.

Ina mapungufu. Inahitaji mwongozaji anayejua kutenganisha pingamizi na matamanio, na hiyo ni stadi ya kujifunza kwa vitendo. Vikao vya kwanza huwa vizito, watu wanachanganyikiwa zamu. Tena inaegemea mambo yalivyo sasa: asipopatikana wa kuleta pendekezo, hakuna kinachobadilika. Na katika kikundi kilichojaa uhasama, kila tamanio litavishwa vazi la madhara.

Kamati na kukabidhi mamlaka

Hakuna kikundi kinachoweza kuamua kila kitu pamoja. Mambo madogo yakabidhiwe kwa mtu au kamati, na kosa la kawaida ni kukabidhi bila mipaka. Andikeni mambo matatu: kamati inaweza kuamua nini bila kuuliza, kiasi gani cha fedha kinahitaji kibali cha mkutano, na itatoa taarifa lini.

Wako wanaokataa kamati na uongozi kwa jina la usawa. Mwanaharakati wa Marekani Jo Freeman aliwajibu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutokana na aliyoyaona katika harakati za wanawake: kikundi kisicho na muundo kina muundo, ila umefichika. Marafiki wa karibu wanaamua wakiwa pembeni, na kwa kuwa hakuna aliyewachagua, hakuna anayeweza kuwaondoa. Hapa aliyeshindwa hata hajui kwamba ameshindwa. Ni hali mbaya kuliko zote nilizozitaja.

Kura ya bahati

Athens ya kale iliwapata wajumbe 500 wa baraza lake kwa bahati, kwa mwaka mmoja mmoja, huku majemadari wakichaguliwa kwa kura. Waligawa hivyo kwa makusudi: mahali panapohitaji ujuzi maalumu, chagua, mahali panapohitaji uaminifu na akili ya kawaida, bahati inatosha na inazuia watu kujijengea ngome. Katika zama zetu, Ireland iliunda baraza la raia 99 waliopatikana kwa bahati, pamoja na mwenyekiti, lililoanza kazi mwaka 2016. Lilijadili sheria ya utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa walikuwa wakilikwepa kwa miaka, na mwaka 2018 wapiga kura waliidhinisha mabadiliko kwa asilimia 66.4.

Kwa kikundi kidogo, itumieni kuwapata wakaguzi wa hesabu, au kuamua nani aende kwenye mafunzo wakati nafasi ni mbili na wenye hamu ni kumi. Asiyepata hana wa kumnung'unikia. Msiitumie kumpata mweka hazina.

Kuchagua

Msichague njia moja kwa kila kitu. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, maji ya umwagiliaji na uvuvi wa pamoja kwa vizazi. Hakukuta kanuni moja inayofanana kila mahali. Alichokikuta ni tabia zinazojirudia, na mbili zinatuhusu hapa: wanaoguswa na kanuni wanashiriki kuzibadili, na kuna mahali pa karibu na pasipo na gharama pa kumalizia migogoro. Kikundi chenye kura nzuri kisicho na mahali pa kupeleka malalamiko kitavunjika kwa malalamiko.

Mimi ningepanga hivi. Katiba, kuvunja kikundi na mali kubwa: maafikiano yenye ngazi, na yasipopatikana kwa vikao viwili, kura ya theluthi mbili ya wanachama wote. Mipango ya kazi, ratiba na kanuni ndogo: ridhaa, zikiwa na tarehe ya kurudiwa. Viongozi: kura ya siri, kwa kupanga majina kama wagombea wanazidi wawili. Manunuzi madogo: kamati. Wakaguzi: bahati. Kikundi cha watu saba kinaweza kufuta nusu ya orodha hiyo na kubaki na ridhaa tu. Kikundi cha watu 200 hakiwezi. Huko maafikiano ya mkutano mzima hubaki jina, na kazi ya kweli lazima ifanywe katika vikundi vidogo vinavyotuma wawakilishi.

Njia ya akiba isisahaulike. Mkiandika "tutaafikiana" bila kusema nini kitafuata msipoafikiana, mmeandika kwamba hali ya sasa itashinda kila mara.

Na kabla ya kubadili chochote, fanyeni zoezi moja. Fungueni daftari la kumbukumbu, tafuteni maamuzi kumi makubwa ya mwisho, na kwa kila moja andikeni majina ya waliolipinga. Kisha tazameni orodha ya mahudhurio ya kikao kilichopita, mwone ni wangapi kati yao walikuwepo.